Shanta la Babu Halikuwa Chafu

Jumapili iliyopita, saa mbili usiku, binamu yangu alituma picha kwenye kundi la ukoo. Shanta la babu, begi lake la mgongoni la jeshini, lile la kaki lililoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake Muheza tangu sisi hatujazaliwa, limefuliwa. Limelowekwa siku mbili kwenye dawa ya kung'arishia nguo, likasuguliwa kwa brashi ya viatu, likaanikwa juani, na sasa ni jeupe kama sanda. Chini ya picha ameandika, "Mmeona lilivyotakata?" Ndugu wakaanza kumwaga pongezi. Mimi nilizima simu nikatoka nje, maana ningejibu palepale ningesema neno la kuvunja undugu.

Leo naandika nikiwa nimetulia kidogo. Si sana.

Binamu hakuwa na nia mbaya. Alitaka kulitundika sebuleni, wageni walione, waulize, wasimuliwe habari za babu. Kwake lilikuwa na doa, na mgeni haonyeshwi doa. Hilo doa lilikuwa ndani ya kifuniko, upande wa kulia, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na ndilo alilolisugua kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwaka juzi nililisoma doa hilo kwa karibu saa nzima, nimepiga magoti sakafuni na tochi ya simu. Lilikuwa muhuri: herufi U, ndani yake mshale unaotazama juu, na chini yake mwaka 1942. Chini zaidi, kwa mkono, kwa wino uliokwisha kuwa rangi ya kutu, kulikuwa na namba. Namba ya babu jeshini. Tarakimu nne za mwanzo nilizisoma vizuri. Zilizofuata zilikuwa zimezama kwenye mkunjo, juu yake kuna tabaka la ile rangi ya unga waliyoiita Blanco, ambayo askari walitakiwa kuyapaka mashanta na mikanda yao ili yafanane. Jua lilikuwa limeshazama. Nikajisemea nitarudi siku nyingine, mchana kweupe.

Sikurudi.

Sasa niwaambie kilichofutwa, maana najua wengi wenu mna kitu kama hiki nyumbani, juu ya kabati au darini, na nyie pia mnaona doa.

Ule mshale una mistari mitatu inayokutana kileleni. Ukiutazama haraka utadhani kuku amekanyaga wino. Ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, ya tangu enzi za meli za matanga, na mwaka 1875 ilitungiwa sheria kabisa: asiyehusika akiupiga mshale huo, au akiufuta, ana kesi ya kujibu. Mshale mtupu hausemi kingine zaidi ya umiliki. Wanaouza vitu vya kale wanapokuonyesha mshale na kukuapia kwamba hilo ni begi la Vita ya Kwanza, au mbaya zaidi, la Mjerumani, wanakuuzia hadithi yao. Mjerumani hakupiga mshale huo.

Herufi inayouzunguka mshale ndiyo inayoanza kusema. Mshale ndani ya C umetoka Kanada. Ukiwa katikati ya D mbili, umetoka Australia. Ukiwa na I, ni wa India. Na mshale ndani ya U, kama wa babu, ni wa Muungano wa Afrika Kusini. Tafakari hapo. Kijana wa Muheza amechukuliwa kwenda kupigana Bama, yaani Burma, katika Vita ya Pili, mgongoni amevishwa shanta lililoshonwa Afrika Kusini kwa mtindo uliobuniwa Uingereza, huo wa mwaka 1937, wa pamba nzito iliyofumwa, wenye bizimu za shaba. Muhuri mmoja mdogo ulikuwa umebeba safari yote hiyo.

Kisha kuna kiwanda. Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu viwanda vilikuwa vingi na karibu vyote viliandika herufi za mwanzo tu. M.E. Co. ni Mills Equipment Company, hao ndio waliotengeneza vifaa vya mtindo wa mwaka 1908 vilivyovaliwa Vita ya Kwanza, na walikuwa bado kazini Vita ya Pili. B.H.G. ni Barrow, Hepburn & Gale. M.W. & S. ni Martin Wright & Sons. Z.L. & T. ni Zephyr Loom & Textile wa Kanada, na hao mara nyingi utawakuta wakiandamana na ile C yenye mshale. Pembeni hukaa alama ndogo ya mkaguzi, namba au herufi, ya mtu aliyesimama mwisho wa meza akasema hili limepita. Na ukikuta mishale miwili imegusana ncha kwa ncha kama nyota, ujue kitu hicho kiliondolewa jeshini kwa halali kikauzwa.

Usiishie kwenye kifuniko. Tumbo la shanta na mikanda ya mabega vilitengenezwa mbalimbali na kugawiwa mbalimbali, kwa hiyo ni kawaida kabisa tumbo liwe la kiwanda kimoja la mwaka 1941 na mkanda wa kiwanda kingine wa mwaka 1943. Hiyo haimaanishi umeibiwa. Na mwaka ulioandikwa ni wa kutengenezwa tu. Shanta la mwaka 1942 laweza kuwa lilikaa ghalani hadi 1944 ndipo likapata mgongo wa kuubebesha.

Ukiwa na lako, lisome hivi. Funga madirisha, weka taa ubavuni mwa kitambaa, imulike chini chini, isimulike kutoka juu. Wino uliofifia una tabia ya kujificha kwenye mwanga wa moja kwa moja, lakini mwanga wa ubavuni huonyesha mahali uzi ulipogandamizwa na muhuri hata kama rangi imekwisha. Piga picha nyingi, kisha kwenye simu ongeza ukali wa weusi na weupe. Usilowanishe. Usipake mafuta ya taa, usipake kiwi, usijaribu kufuatisha herufi kwa kalamu yako ili zionekane. Na ukiona muhuri uking'aa mweusi juu ya kitambaa kilichochakaa, wino umekaa juu ya uchafu badala ya kuwa chini yake, mtu ameupiga juzi.

Hadi hapo nimesema yale ambayo mkusanyaji yeyote wa huko Ulaya atakwambia. Kinachonichoma mimi ni kingine.

Wakusanyaji hulisaka jina la kiwanda. Namba iliyoandikwa kwa mkono wengi huiona kasoro, na wapo wanaosema waziwazi shanta safi lisilo na maandishi ya askari lina thamani zaidi. Huku kwetu tunafua vyote kwa pamoja. Wote tunapoteza kitu kilekile. Kiwanda kilipiga jina lake kwa mashine. Serikali ikapiga mshale wake. Mkaguzi naye akaacha alama. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, hakupewa muhuri. Alichukua kalamu, au kijiti na wino wa kuomba, akaandika namba yake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, ili shanta lisichukuliwe na mwenzake. Babu hakwenda shule zaidi ya madarasa mawili. Hatuna barua yake hata moja. Zile tarakimu ndizo maandishi pekee ya mkono wake tuliyokuwa nayo duniani.

Na sisi si watu ambao majina yetu yamejaa kwenye vitabu vya vita hivyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Vita ya Kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati. Wapagazi wa huku kwetu wamo humo. Waliobeba mizigo kutoka pwani hadi Nyasa walitubakizia jina moja la jumla, la kikosi chao, Carrier Corps, na hilo tunalitamka kila siku tukienda kununua nyanya: Kariakoo. Pale Nairobi, sanamu ya askari na mpagazi imeandikwa kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Jina lipi, kama hata namba tunaifua?

Babu alikuwa Keya ya 36, ya Watanganyika, iliyokuwa ndani ya Divisheni ya 11. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika msimu wa mvua, malaria ikiwafyeka, na Desemba ikavuka mto Chindwin. Tulipokuwa wadogo hakutusimulia mapigano. Alisimulia tope. Alisema shanta lilipolowa lilikuwa zito kuliko bunduki, na kwamba alilalia kichwa juu yake ili mchele usiibwe. Alisema pia kuhusu meli iliyotoka Mombasa Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Ni Khedive Ismail, walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mashanta ya wale yako chini ya bahari na namba zao zote. La babu lilirudi. Limepita Bama, limepita njia ya meli, limekaa miaka mingi nyuma ya mlango likila moshi wa kuni, likaja kuishia kwenye beseni.

Kuna wanaoniambia mshale ule ni alama ya mkoloni, ufutwe. Hasira hiyo naielewa, na ninayo. Askari Mwafrika alilipwa pungufu kuliko Mzungu waliyekuwa naye handaki moja, hadi kiinua mgongo alichopewa siku ya kurudi kwao. Lakini mshale ule ni ushahidi wa nani alimtuma babu. Ukiufuta unamsaidia nani?

Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba shanta lenye ukungu haliwezi kuachwa lioze. Lianike kivulini penye upepo, lipanguse kwa brashi laini kavu, basi. Kama lazima maji yaguse, yaguse baada ya kila sentimita kupigwa picha, na yawe maji matupu.

Jumatano nilikwenda Muheza. Binamu alinipa shanta bila kusema kitu, nadhani shangazi alikuwa amekwisha kusema naye. Ndani ya kifuniko hakuna kitu. Nililala chini na taa, nikaimulika kutoka pande zote nne, kuna kivuli cha U ukijua pa kutazama, na mwisho. Shangazi akaja akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kama nimetazama mikanda. Mkanda wa kushoto, pale mwisho unapokunjwa na kushonwa mara mbili karibu na bizimu, brashi haikuingia. Nilifunua kwa ncha ya kijiko. Kaki ilikuwa bado kaki humo ndani, na Blanco yake, na wino.

Babu alikuwa ameiandika namba yake tena hapo. Nilizisoma kwa sauti, shangazi akaziandika nyuma ya risiti ya duka. Ni zilezile nne za mwanzo. Zinazofuata ziko upande wa nje wa mshono, na upande wa nje umekuwa mweupe.

Shangazi akauliza zimebaki ngapi. Nikamwambia, nafasi yake inaonyesha ni mbili.