Eti Besi ni Lazima?

Naomba mniambie ukweli, ninyi mnaokwenda harusini mkala pilau la watu na kuondoka na keki kwenye tishu: gitaa la besi kwenye bendi ni lazima au si lazima? Mimi nimeulizwa hivyo jana, na mtu mzima, mama mhazini wa kamati ya harusi, kalamu sikioni, mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai ya tangawizi ambayo sisi wanamuziki hatukumiminiwa. Na wala hakuuliza kwa ubaya. Hapo ndipo paliponiuma. Aliuliza kama mteja wa soko la Mwanjelwa, hapa kwetu Mbeya, anayetaka kujua kama kwenye fungu la viazi anaweza kutoa vile vidogo, bei ishuke.

Tuanze na heshima kwanza. Sisi ni bendi. Siyo "kikundi", siyo "wale vijana", siyo "watu wa makelele". Tuko saba, tuna nyimbo zetu, tuna katibu, tuna muhuri. Lebo hatuna, meneja hatuna, na jina la bendi silitaji hapa kwa kuwa tuko katika mazungumzo ya kulibadilisha. Kumbe kuna kwaya huko Uyole inalo jina hilohilo, na spika zao ni kubwa kuliko zetu. Kila mjuzi wa mji huu anayo dawa yetu moja: "Nendeni Dar." Nendeni Dar! Kilomita zaidi ya 800, watu saba na dramu, tukishuka pale stendi tukalale kwa shemeji wa nani?

Basi, kamati. Kikao kilikuwa Ilomba, sebuleni kwa mwenyekiti. Tulikwenda watatu: mimi, mpiga gitaa la solo na mpiga dramu, ambaye tulimsihi asiongee. Nilivaa koti la suti. Bajeti ilikuwa inasomwa mstari kwa mstari, nasi tukapewa viti vya plastiki mlangoni, pale baridi ya mwezi wa 7 inapoingilia.

Keki, shilingi 700,000. Ikapita bila swali. Mapambo, 1,500,000, mama mmoja akasema hizo rangi haziwezi kutosha, wakaongeza. MC, ambaye kazi yake ni kutuambia tumpigie makofi mtu aliyeshika kisu, 500,000, ikapita na pongezi juu. Kukawa na ile kamera ya kuruka, inayozunguka kichwani kwa watu ikiwapepea vipara, ikapita nayo, na huo ukumbi jamani una paa! Viti, mahema, maturubai, vyote vikapita. Ndipo mwenyekiti akasoma, "Burudani." Watu wakajiweka sawa kwenye makochi.

Nikasimama. Nikataja kwa Kiswahili cha taarifa ya habari: laki tisa.

Mtu akakohoa. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole wa msibani, "Kaka, hiyo laki tisa ni pamoja na ukumbi?" Nikasema hapana, ni bendi. Akasema DJ ameleta yake, laki mbili, anakuja peke yake na laptop. Kijana mmoja, nadhani ndiye msimamizi wa bwana harusi, akadakia kutoka kwenye kochi kwamba DJ anazo nyimbo zote za dunia. "Nyie mnazo ngapi?" Nikasema za kwetu kumi na nane, za kukopi tuna nyingi. Akacheka kwa pua. Nilitamani kumweleza kwamba wimbo wa dansi hauliwi kama karanga, kwamba chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi, likikolea hapo watu wanavua viatu, na katika muda huohuo DJ wake angekuwa amechanganya nyimbo nne na kuzikatisha zote pale mtu anapotaka kuinua mkono. Lakini nilikuwa na koti la suti. Nikatabasamu.

Mama mhazini akaishusha kalamu. "Mko saba. Kila mmoja anafanya nini?"

Nikawataja. Waimbaji wawili, kinanda, dramu, gitaa la solo, gitaa la ridhimu. Akawa anaandika. "Na besi," nikasema, "ambaye ni mimi."

"Besi inafanya nini?"

Ungejibuje wewe? Nina miaka mingi na hili gitaa, nimelala nalo kwenye Coaster, limewahi kutangulia kupanda bajaji nikabaki nalifuata kwa miguu, na hakuna aliyewahi kuniuliza linafanya nini. Nikamwambia, mama, muziki ukianza, kabla hujajua ni wimbo gani, bega likatikisika lenyewe, ujue ni besi hiyo. Akatikisa bega kidogo, kujaribu. Halafu: "Ina nyuzi ngapi?"

"Nne, mama."

"Na la huyu mwenzako?"

"Sita."

"Na mnalipwa sawa?"

"Sawa, mama."

Akawageukia wajumbe kwa sura ya mtu aliyefichua ubadhirifu. Simu ikatoka, kikokotoo kikafunguliwa. Solo sita, ridhimu sita, besi nne: nyuzi kumi na sita. Laki tisa kugawa kwa kumi na sita, kila uzi 56,250. "Kwa hiyo," akasema, "hawa wawili ni 337,500 kila mmoja. Wewe wa besi ni 225,000."

Nikafungua mdomo kupinga. Nikaufunga. Ndugu zangu, 225,000! Tangu nianze kushika gitaa sijawahi kuondoka kwenye shoo na 225,000. Kwenye bendi tukishatoa mafuta ya jenereta, kodi ya spika, bajaji mbili na deni la shoo iliyopita, mtu anakwenda kwake na elfu kumi na tano na chipsi baridi. Hapo mama wa watu, bila kujua, alikuwa amenipandisha cheo. Nikaanza kuona hekima katika hesabu zake.

Mpiga dramu, tuliyemsihi asiongee, akaongea. "Mama, mimi sina uzi."

Mhazini akamtazama kwa huruma ya kweli. "Wewe utakula."

Na waimbaji? Watakula. Kinanda? Kijana wa kochini akauliza kama vile vifungo vina nyuzi kwa ndani, ikaonekana suala hilo linahitaji fundi. Mpiga solo naye, badala ya kunyamaza apokee laki tatu zake, akaona aoneshe gitaa ili wajue tuko makini. Akalitoa kwenye mfuko. Sasa lile gitaa uzi wake mmoja ulikatika kitambo, na nyuzi mpya hapa mjini ukizikuta ujue una bahati, kwa hiyo pale amefunga uzi alioufumua kutoka kwenye waya wa breki wa baiskeli. Unalia vizuri tu ukiuzoea. Mama akaushika, akauvuta kwa kucha.

"Na huu wa baiskeli tunauhesabu?"

Kukazuka mjadala. Walikuwepo waliosema uhesabiwe nusu. Nawaambia kweli tupu, watu wenye heshima zao, mmoja ni mwalimu mkuu mstaafu, walijadili uzi wa breki kwa muda mrefu kuliko walivyojadili chakula.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetaka kutuokoa, ni babu wa bibi harusi. Mzee wa Tukuyu, sweta ndani ya koti, kofia magotini. Akatusalimia upya, "Ugonile," kama vile ndiyo kwanza ametuona, akaomba nafasi. Akasema nyinyi hamjui bendi. Bendi zilikuwa za mashirika! Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya Shirika la Bima. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ya chama cha wafanyakazi, na mpaka leo watu wanaijua kwa jina la Msondo. Akasema hapo Iringa, miaka ya 1980, kiwanda cha kukata almasi kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, na yeye akipita na lori alikuwa analala Iringa kwa makusudi. Macho yakamlowa. Vyombo vya shirika, akasema. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwisho wa mwezi anapanga foleni ya mshahara na mafundi wengine.

Nikaona sasa ndiyo hapa, mzee ametuinua, laki tisa inarudi. Akanigeukia.

"Sasa ninyi, mwanangu, mko shirika gani?"

"Hatuko shirika lolote, mzee."

"Mwajiri wenu nani?"

"Hatuna mwajiri."

Akanitazama, akamtazama mpiga solo, akautazama uzi wa breki. "Sasa mnakula nini?"

Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua. Na ile sebule yote, pamoja na mimi, tukawa tunasubiri jibu.

Mpiga dramu akasema, "Leo mama amesema tutakula."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Laki tisa ikawa laki nne, yaani uzi 25,000 na besi laki moja, halafu mwenyekiti akasema hesabu za nyuzi tuziache maana zinaleta mgawanyiko, iwe laki tatu kwa wote. Advansi tutapewa baada ya shughuli. Rudieni hiyo sentensi taratibu. Na DJ atakuwepo, "kuwasaidia mkichoka". Leo asubuhi mhazini amenitumia ujumbe: kamati inakaa tena Jumapili kuangalia kama ridhimu na solo hazifanyi kazi moja.

Watu husema wasanii chipukizi hawana nidhamu. Nidhamu ninayo. Video yetu ya kwanza tulikwenda kuipiga Ziwa Ngosi, tukapanda ule mlima na magitaa mgongoni; tukafika juu, ukungu ukashuka, mpiga picha akasema hii ituhesabie kama odio. Redioni nilipeleka wimbo, mtangazaji akaniambia ni mzuri sana, nimletee "kitu kidogo cha kuusindikiza". Nikampelekea wimbo mwingine, sijasikia hata mmoja.

Sheria iko upande wangu, hilo nalo mlijue. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inanilinda maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa. Naishukuru. Shida yangu mimi si hiyo miaka 50 ya baadaye. Shida yangu ni hapa katikati.

Mpiga kinanda wetu hana kinanda. Kinanda ni cha kanisa. Jumamosi usiku kinatupigia sebene, Jumapili asubuhi kinasifu, na mzee wa kanisa ameanza kuuliza kwa nini kinanuka bia. Na baridi hii! Dar wanaimba wamefungua vifungo vya shati, sisi mwimbaji wetu anakatika na jaketi, na mteja anaagiza bia ya moto. Gitaa unalituni nje, vidole havina hisia. Ukiingia ukumbini watu wamejaa, joto linapanda, nyuzi zinalegea, wimbo wa kwanza wote uko chini. Mlevi wa meza ya mbele, ambaye hajui hata jina la mkewe saa hizo, atakunyooshea kidole wewe wa besi.

Mpiga solo tuliyekuwa naye kabla ya huyu wa breki alitukimbia, akaenda Rungwe kupanda parachichi. Alikuwa mpiga solo wa kweli, anakuliza. Mwaka juzi nilimwona Uhindini, amenenepa, anaongelea Hass na bei ya kilo, nikamuuliza gitaa liko wapi, akasema analo mtoto wake, analipiga na kijiti. Sasa kila ninayemweleza shida za bendi ananijibu parachichi. Nimekatikiwa umeme katikati ya rekodi: panda parachichi. Nimedhulumiwa na baa: panda parachichi. Mke wangu hasemi kitu, amenunua tu mche mmoja, ule wa kubebeshwa, akauweka kwenye ndoo kwenye ile kona ninayoegemezea besi. Besi sasa inalala chini ya kitanda.

Nimeuliza, nikaambiwa nisubiri kama miaka mitatu hivi ndipo nione matunda ya maana. Miaka mitatu ya kumwagilia! Na akiutoa nje upate jua, mbuzi wa jirani huyo. Ameshatafuna jani moja. Nilipokwenda kulalamika, jirani akaniambia mbuzi wake hajawahi kulalamikiwa na mtaa, anayelalamikiwa na mtaa ni mimi na mazoezi yangu. Huyo mbuzi nitakuja kumzungumzia siku yake, maana ndiye aliyekula bango letu la shoo ya Pasaka, na bango lenyewe fundi bado ananidai.