Boma Saba, Arusha Tatu

Kwanza nieleweke: mimi kompyuta nazijua. Nina stesheneri hapa Moshi, hatua chache kutoka stendi, na mtaani wananiita fundi bila kucheka. Nalisema mapema kwa sababu tukifika mbele hutaliamini.

Mkuu wa shule moja ya sekondari alikuwa na kompyuta sita za zamani, zote Windows 10. Tangu Microsoft waache kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kila tukikutana ananiuliza kama zitazima zenyewe. Nikamwambia hazizimi, ila tundu la usalama likitoboka sasa Microsoft hawalizibi kama zamani. Bora tuziwekee Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ila ni wa bure. Neno "bure" ndilo lililofunga kikao. Na kwa kuwa mashine zimechoka, nikachagua toleo la Xfce, jepesi kuliko wenzake.

Faili lenyewe ni karibu GB 3. Nikanunua bando la usiku, nikaegesha simu dirishani ambako mtandao hushika, nikalala. Alfajiri limeshuka lote. Mtu mwingine angelichoma kwenye flashi akaenda zake. Mimi ni fundi, na fundi huhakiki.

Wenye Mint huweka mtandaoni orodha ya alama za mafaili yao. Kila faili lina kamba yake ya tarakimu na herufi 64, inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima kwa kanuni iitwayo SHA-256. Ukishapakua, unaikokotoa upya kwenye mashine yako. Kwa Windows ni amri moja tu, certutil. Zikilingana, ulichonacho ndicho walichokitoa. Ikibadilika hata biti moja njiani, kamba yote inakuja nyingine kabisa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hilo nalo nalijua. Lakini nilipoona yangu inaanza tofauti na ya kwao, bado nilihangaika hadi alama ya 64, nikihesabu zimeharibika ngapi.

Nikalifuta. Bando jingine, usiku mwingine. Haifanani. Nikafuta tena, safari hii kwa hasira. Usiku wa tatu nikahamia kwa rafiki yangu Soweto, nikamnyima usingizi yeye na mkewe. Haifanani.

Sasa, kila nilichopata nilikuwa nakiandika kwenye kaunta buku, ukurasa wa madeni, na asubuhi ile nikaona kitu kilichoniletea baridi: kamba zangu tatu zilikuwa zinafanana zenyewe kwa zenyewe! Faili likiharibika njiani huharibika kila mara kivyake. Hili langu lilikuwa limeharibika vilevile mara tatu. Nikakumbuka ya Februari 2016, wadukuzi walipoingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakageuza kiungo, watu wakawa wanapakua toleo lililotobolewa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya wadukuzi kuingilia. Nikajua wamerudi. Na duniani kote aliyewagundua ni mimi, Moshi, nimevaa kandambili.

(Wajuzi watasema mdukuzi akishaingia kwenye tovuti anaweza kubadilisha hata hiyo orodha ya alama, ndiyo maana kuna na sahihi ya GPG ya kuihakiki orodha yenyewe. Kweli kabisa. Ila asubuhi ile sikuwa mtu wa kushauriwa.)

Nikampigia mkuu wa shule.

"Mkuu, chomoa kompyuta zote ukutani."

"Kuna nini, fundi?"

"Wadukuzi."

Kimya. Halafu nikamsikia anamwita mlinzi.

Kabla sijautangazia ulimwengu nikataka ushahidi wa mwisho: mmoja asome ya kwao kwenye simu, mwingine afuatishe kwenye daftari. Aliyekuwepo dukani ni shangazi yangu, mweka hazina wa VICOBA, kaja kutoa kopi. Tatizo, kwa kelele za stendi, "b" na "d" na "e" ni kitu kimoja. Bahati nzuri herufi zinazotumika ni sita tu, a mpaka f, tukazipa vituo: Arusha, Boma, Chekereni, Dodoma, Engare. F ikatushinda, tukaazima Feri kule Dar.

Shangazi ana sauti ya kwaya. "Boma! Saba! Arusha! Tatu tatu! Boma tena!"

Tulipokaribia alama ya 20, mlangoni kasimama mzee mmoja na mfuko wa mbegu za mahindi.

"Boma mnaondoka saa ngapi?"

"Shikamoo mzee. Hapa si gari, ni stesheneri."

Akachungulia ndani, akatuangalia mmoja mmoja. "Sasa mbona mnapiga debe?"

Nyuma yake akaja konda, na huyo hakuwa na utani hata kidogo. Alitaka kujua tumetumwa na gari gani kumchukulia abiria wake.

Nami nikiwa namweleza konda habari za SHA-256, shangazi alikuwa ameacha kusoma. Kashusha miwani, anaangalia simu, anaangalia daftari.

"Hii yako inaanza na nini?"

"Nne, Dodoma."

"Na hii ninayokusomea inaanza Boma, saba."

"Ndiyo maana nasema imechezewa, shangazi."

"Ni ya nani?"

"Ya nani kivipi?"

"We mtoto, kila mstari una mwenyewe. Hapa chini yake pameandikwa sijui sina... sinamoni."

Nikamnyang'anya simu, Mungu anisamehe. Kioo cha simu yangu ni chembamba. Kamba ya alama 64 haienei, inakatika na kushuka mstari wa pili, na jina la faili linatupwa huko chini kabisa. Mimi siku zote tatu nilikuwa nasoma kamba ya juu kwa sababu iko juu. Ilikuwa ya toleo la Cinnamon. Nikashuka hadi kwenye Xfce. Nne, Dodoma. Nikaendelea nayo taratibu, kidole kikitetemeka, mpaka alama ya 64. Zote zilikuwepo.

"Sinamoni ndiyo nini?" shangazi akauliza.

"Mdalasini."

"Na wewe umepakua mdalasini?"

"Hapana, shangazi."

"Ruwa wangu! Yaani mtu kaleta marejesho yake yote, wewe unamtafuta kwenye mstari wa jirani, humwoni, unamwita mwizi!"

Konda, aliyekuwa bado anasubiri maelezo yake, akacheka mpaka akashikilia mlango, ingawa sidhani kama alielewa. Mimi nilikuwa nahesabu. Faili nililolifuta mara tatu lilikuwa zima mara tatu. Karibu GB 9 za bando nimezimwaga kwa mkono wangu, tena kwa Shift na Delete, nisije nikalionea huruma nikalirudisha. Ilibidi ninunue bando la nne, na fedha hiyo, naomba isiwafikie wana-VICOBA, alinikopesha mweka hazina wao.

Ikabaki simu ya mkuu wa shule. Niliipiga jioni, nikiwa nimejipanga kumweleza kitaalamu. Kumbe kompyuta alishazifunika turubai, chumba kakitia kufuli mbili, na mlinzi yuko mlangoni na rungu tangu asubuhi.

"Vipi fundi, wameshaondoka?"

"Wameondoka, mkuu."

"Walikuwa wanatafuta nini?"

Shangazi alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Mdalasini," nikasema.