Siku Jumuiya Ilipomwombea Shangazi

Shangazi ni kuku. Nalisema mapema kwa sababu jumuiya yetu hapa Pasua, Moshi, ilikuja kulijua kwa kuchelewa sana.

Jina alipewa na watoto, kwa vile huingia ndani bila hodi na kukagua masufuria. Julai alikuwa anatamia. Na Julai ya Moshi mnaijua: mlima umejifunika mawingu wiki nzima, maji ya bomba yanauma meno. Nikawaonea huruma kuku wangu sita. Nikanunua nailoni, nikaziba banda lote juu mpaka chini, dirisha nikalipigilia maboksi. Nikajipongeza. Upepo ukitaka kuingia humu, nilisema, uje na bisibisi.

Wiki ya pili Shangazi akaanza kukoroma. Krrrr, krrrr, shingo ameinyoosha, mdomo wazi, macho yanalengalenga machozi kama mfiwa. Jirani mmoja akasema hicho ni kideri, mchinje leo tumle kabla hajafa. (Huyu kila ugonjwa wa kuku wangu humalizikia kwenye sahani yake.) Mwingine akaleta pilipili kichaa na kitunguu saumu, nimnyweshe kwa kijiko. Nikamnywesha. Nusu alimeza, nusu alinipigia chafya machoni. Ndipo mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Rombo, akatamka neno moja tu:

"Nyungu, baba."

Mkwe akishasema, unabisha vipi? Nikachemsha majani ya mkaratusi, mchaichai na limau. Jioni hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwetu, sebule imejaa, kwa hiyo nikajibanza jikoni: sufuria chini, Shangazi mapajani, na juu yetu kitenge kipya cha mke wangu, maana blanketi sikuliona. Jasho linanitiririka. Sebuleni wakafika kwenye maombi. Nikamsikia kitinda mimba wangu, miaka mitano:

"Tumwombee Shangazi, anashindwa kupumua."

Kimya. Kisha sauti ya mwenyekiti: "Maskini! Amelazwa KCMC?"

"Hapana, yuko jikoni na baba. Baba amemfunika."

Kimya kingine, kirefu zaidi. Halafu wote, kwa uchungu wa kweli: "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Sijui kama ni sala au ni mvuke. Shangazi aliruka, akapindua sufuria, akatoka na kitenge kichwani mbio mpaka sebuleni, akatua mapajani mwa mwenyekiti, anafuka moshi na kunukia mchaichai. Nikatokea nyuma yake, kifua wazi, nimelowa chapachapa. Mzee mmoja pembeni akafunga kitabu chake cha nyimbo taratibu.

"Kumbe ameshapona," akasema.

Asubuhi nikampigia bwana mifugo, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza ningeokoa kitenge. Alimkagua Shangazi: kinyesi si cha kijani, shingo haijapinda, chanjo ya matone ya jicho hupata kila miezi 3. Kideri akakiweka kando. Nilipomweleza habari ya kijiko akashika kichwa. Tundu la pumzi la kuku liko hapo hapo nyuma ya ulimi, akasema. Ukimmiminia vibaya, unamzamisha. Ya nyungu nikaona nisimwambie, lakini mama mkwe akamwambia, tena kwa fahari.

Kisha bwana mifugo akaomba kuona banda. Akaingiza kichwa. Akakitoa papo hapo, machozi yanamtoka, anakohoa. Krrrr, krrrr. Shangazi mwenyewe alimgeukia.

Kumbe kinyesi na maranda yaliyolowa vinatoa amonia, na mimi nilikuwa nimeifungia ndani kama akiba ya benki. Wenzake mchana walikuwa nje wanachakura. Yeye, kwa kuwa anatamia, alikuwa ameivuta mchana na usiku, pua yake sentimita chache tu kutoka kwenye matandiko. Bwana mifugo akaniamuru nibandue nailoni yote sehemu ya juu, nizoe maranda, niweke makavu. Akaacha na dawa ya kuchanganya kwenye maji, maana koo likishachubuka, mafua huingia kirahisi.

"Wewe mzee," akaniambia huku bado anajifuta macho, "ungelala humu hata usiku mmoja, ungejua ulichomfanyia huyu kuku."

Mke wangu alikuwa kambani anaanika kitenge chenye matundu ya kucha. Tangu jana jioni alikuwa hajanisemesha.

"Atalala leo," akasema.