Kongamano la wasanidi wa Drupal na WordPress: nauli inalipa lini?

Wanaosusia makongamano ya wasanidi wa mifumo ya kusimamia maudhui, yaani programu za kujengea tovuti kama Drupal na WordPress, wana hoja nzito. Mada nyingi za DrupalCon, kongamano la Drupal, huishia YouTube, na za WordCamp, makongamano ya WordPress, hukusanywa WordPress.tv, bure. Ya nini basi kukata tiketi ya ndege, kulala hotelini na kupoteza siku nne za kazi ili usikilize maelezo ambayo ungeyatazama ukiwa kwenye kochi, kwa kasi ya moja na nusu, ukiruka salamu za wadhamini? Kwa upande wa mihadhara, kesi wameshinda. Tena baadhi ya mihadhara yenyewe ni matangazo yaliyovalishwa ufundi: mzungumzaji haonyeshi hata mstari mmoja wa msimbo, hasemi alikwama wapi, na slaidi ya mwisho ni nembo ya kampuni yake.

Ila hoja hiyo inalipima kongamano kwa kitu chake cha bei rahisi kabisa. Mwaka 2020, korona ilipoihamishia DrupalCon ya Minneapolis mtandaoni, mihadhara ilihama bila shida. Meza ndizo hazikuhamishika.

Na kazi hasa hufanyika mezani. Chukua rekebisho moja la hitilafu katika Drupal. Aliyeliandika hajipitishii mwenyewe. Sharti mtu mwingine alisome, alijaribu, ndipo libadilishwe hali kutoka "linasubiri mapitio" hadi "limepitiwa na kujaribiwa na jamii". Foleni hiyo yaweza kukaa miezi, si kwa ubaya wa mtu, bali kwa kuwa wanaoijua vizuri sehemu hiyo ya msimbo ni wawili watatu, na wengi wao hujitolea. Ukumbini unamkuta mmoja wao, unamfungulia laptopu, na ndani ya dakika kumi anakuambia jambo ambalo asingepata nafasi ya kuliandika: njia uliyochukua haitapita hata uinyooshe vipi, kwa sababu itazivunja moduli (vipande vya ziada vinavyoongezwa kwenye Drupal) zinazotegemea msimbo wa zamani. Anakushauri uanze kwa kuweka onyo kwamba msimbo huo utaachwa, kisha uondolewe katika toleo kubwa lijalo. Umekataliwa, lakini umeokoa miezi.

Hapo hapo ndipo penye kasoro ambayo mashabiki wa makongamano hawapendi kuigusa. Uamuzi uliofikiwa kwenye korido haumfikii asiyekuwepo. Anayefuatilia suala hilo kutoka mbali anaona mwelekeo umegeuka ghafla, bila sababu. Dawa ipo na ni nyepesi: jioni ile ile, kabla ya chakula, andika chini ya suala, yaani ukurasa wa mtandaoni wa hitilafu hiyo, nini kimekubaliwa, kwa hoja gani na kipi bado kina ubishi. Wengi husahau, na mradi ulio wazi hugeuka wa waliokuwa na nauli.

Siku ya kuchangia msimbo ndiyo inayowavunja moyo wageni, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: wamefika na mashine tupu. Saa tatu asubuhi wameketi, Docker, programu inayoendesha seva ndani ya laptopu, inaanza kupakua mafurushi mazito ya seva na hifadhidata, na ukumbi mzima unavuta kwa Wi-Fi hiyo hiyo. Mchana bado inavuta. Mwingine ameikwepa Docker na kutumia PHP 8.1, lugha ambayo Drupal imeandikwa kwayo, iliyomo kwenye laptopu yake. Drupal 11 inataka 8.3, hivyo Composer, zana ya kusakinisha vipande vya PHP, inagoma. Wa tatu kamaliza kazi yake vizuri, kisha Git, zana ya kutunza na kutuma mabadiliko ya msimbo, inamkatalia kuisukuma kwa kuwa hajaweka ufunguo wake wa SSH (wa kumtambulisha kwa seva) kwenye akaunti.

Yote hayo humalizwa nyumbani wiki moja kabla. Sakinisha Docker na DDEV, zana inayoitumia Docker kukuandalia tovuti ya majaribio, nakili msimbo wa Drupal, endesha "ddev config", "ddev start" kisha "ddev composer install", sakinisha tovuti na uingie kama msimamizi. Fungua akaunti ya drupal.org, weka ufunguo wa umma, halafu ujaribu kusukuma badiliko dogo. Chagua masuala mawili, si moja; la kwanza laweza kufungwa na mtu mwingine asubuhi hiyo hiyo. Asiyeandika msimbo naye asijitenge: kurudia hitilafu hatua kwa hatua na kuripoti ulichokiona ni mchango unaotafutwa sana.

Gharama nyingine ni viza, na hii haigawanywi sawa. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na, kwa kawaida, si chini ya siku 15 kabla yake. Barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji husaidia, lakini haimlazimishi ofisa wa ubalozi. Kwa hiyo soma masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kulipia tiketi ya mapema. Punguzo usiloweza kurudishiwa si punguzo.

Kwa kampuni, kumpeleka mtu mmoja mwenye masuala mawili yaliyokwama kunalipa kuliko kuwapeleka watatu "wakajifunze". Anayeanza atapata zaidi kwenye kambi, yaani mkutano mdogo wa wasanidi wa siku moja au mbili, ambako tiketi ni nafuu na waliobobea hawajazingirwa na watu. Naye aliyekwenda apewe siku mbili akirudi, zisizo na kazi ya mteja. Marekebisho yaliyoanzwa ukumbini huchakaa upesi: msimbo mkuu unasonga, tawi (nakala yenye mabadiliko yako) linagongana nao, na aliyeahidi kulipitia amekwisha rudi kwenye kazi zake.