Kwaya zetu zinahitaji mwongozaji wa jukwaa

Dar es Salaam haina uhaba wa sauti. Ina uhaba wa waongozaji wanaojua kuipa sauti mwili, na naamini hilo ndilo linaloichelewesha sanaa yetu ya jukwaa kuliko ukosefu wa kumbi tunaoulalamikia kila siku.

Ingia kanisa la Azania Front au la Mtakatifu Yosefu Jumapili yoyote. Besi zimetulia, soprano zinapanda bila kukwaruza, na mwalimu wa kwaya anajua kila nota. Sasa waangalie waimbaji. Mstari umenyooka, hatua mbili kulia, mbili kushoto, wimbo wa furaha na wa msiba kwa hatua zilezile. Miezi mizima wamefundishwa namna ya kuimba, lakini hakuna aliyewauliza wanamwimbia nani na wanataka nini kwake.

Swali hilo ndiyo kazi ya mwongozaji. Wengi humwona kama mtu wa kupanga nani aingie huku na nani atokee kule, lakini hiyo ni sehemu ndogo. Anaisoma matini mpaka ajue kila mhusika anamtaka nani na anaogopa nini, anaafikiana na fundi wa taa na mshonaji wa maleba, halafu anakaa mazoezini akitazama kwa niaba ya mtazamaji ambaye bado hajanunua tiketi.

Kwenye tamthilia, muda uko mikononi mwake. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa akane kwamba maji yana nguvu. Mwongozaji anaweza kumwacha anyamaze sekunde tano kabla ya kujibu, au thelathini, na kila kimya kitatupa mtu tofauti. Kwenye opera, yaani tamthilia inayoimbwa, uhuru huo haupo. Mtunzi ameshaamua. Akiacha mapigo kumi na sita ya ala kati ya swali na jibu, ni kumi na sita, na mwongozaji lazima ayajaze kwa fikra za mhusika badala ya kumtembeza tu. Ugumu unazidi kwa mtunzi kama Handel, ambaye nyimbo zake nyingi huimbwa sehemu ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza ikarudi yote kwa maneno yaleyale. Mtu anarudia vipi jambo alilokwisha kulisema, kama ndani yake hakuna kilichobadilika?

Jibu liko kwenye taarab, na hapa ningependa tukae kidogo. Kiitikio kinarudi mara ya tatu, mara ya nne. Ghafla mwanamke anainuka kitini. Anatembea taratibu kwenda kutuza, mkono juu, noti inaonekana, lakini macho hayako kwa mwimbaji. Yako kwa mtu fulani meza ya nyuma. Ameusubiri mstari ule. Maneno hayajabadilika hata neno moja, ila sasa yana mlengwa, na ukumbi mzima umeshaelewa. Huo ni uigizaji wa hali ya juu, na umezaliwa kwenye marudio. Mwongozaji aliyekulia Magomeni au Temeke akitazama hayo ana mtaji mkubwa wa kuifanyia kazi opera.

Kwa kawaida mwimbaji wa opera hana maikrofoni. Sauti yake lazima ivuke okestra, kwa hiyo anahitaji pumzi, na anahitaji kumwona mwongoza okestra hata kwa pembe ya jicho. Ukimkimbiza ngazini kabla ya nota ya juu umemharibia. Wiki za mwanzo mazoezi huwa na piano tu. Okestra huingia mwishoni, na siku hizo mwenye muziki ndiye mwenye kauli. Mtu wa tamthilia lazima ajifunze kugawana madaraka. Patrice Chéreau, Mfaransa aliyetoka kwenye tamthilia, alipewa kazi ndefu ya mtunzi wa opera Wagner kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1976 akiwa na miaka 31. Alizomewa. Ilipofika 1980, onyesho la mwisho la kazi ileile lilipigiwa makofi kwa zaidi ya saa moja.

Na tusidhani kusimama mstarini ni ugonjwa wetu peke yetu. Opera ya Carmen ilipoandaliwa Paris mwaka 1875, wanakwaya walilalamika kwa sababu walitakiwa kuvuta sigara, kugombana na kuingia mmoja mmoja, wakati walizoea kupanga safu na kuimba. Opera hiyohiyo imeimbwa kwa Kixhosa huko Afrika Kusini na waimbaji ambao wengi wao walilelewa na kwaya, chini ya mwongozaji aliyetokea kwenye tamthilia, na filamu yao ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka 2005. Kwaya tunazo.

Wapo watakaosema opera ni ya Wazungu matajiri. Sidai tulete opera za Verdi. Miaka ya tisini vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT vilichanganya ngoma, kichekesho na taarab usiku mmoja hapahapa Dar, na watu walijaa. Kilichokosekana ni hadithi moja ya kuibeba ile nguvu yote mwanzo hadi mwisho, na mtu wa kuishika.

Mtu huyo hatajitokeza mwenyewe. Wanafunzi wa uongozaji pale Chuo Kikuu Mlimani na chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, wasome muziki, angalau do-re-mi ambayo wanakwaya wengi wanaijua. Waandaaji waache kuweka kwenye bajeti spika, taa na maturubai huku mwongozaji akiombwa "asaidie".

Tuanze na Pasaka ijayo. Makanisa mengi ya mjini huigiza mateso ya Yesu, na mengi yana kwaya nzuri iliyosimama kando ya igizo. Wamwite mwongozaji miezi miwili kabla. Wiki mbili za kwanza asipange chochote; asikilize, ajue nani anavuta pumzi wapi. Kisha kwaya iingie ndani ya igizo iwe ule umati unaopiga kelele kwa Pilato, kila mwimbaji akijua amesimama hapo kwa sababu gani. Na ujira wake uandikwe kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza.