Tangi linavuja

Jumamosi moja ya mwezi Mei niliamka saa kumi alfajiri, nikatoka Worcester kwenda Brimfield, mji mdogo wa shamba hapa Massachusetts, Marekani. Mara tatu kwa mwaka, Mei, Julai na Septemba, viwanja vya kandokando ya barabara namba 20 vinageuka gulio la vitu vya zamani. Mwaka 1959 dalali mmoja, Gordon Reid, alilianzisha kwenye ardhi yake mwenyewe; leo wauzaji wanahesabika kwa maelfu. Nilitembea mpaka nyayo zikawaka moto na nusu sikuimaliza.

Kilichonifanya niandike ni chemli. Ya bati, kioo kizima, sura ileile ya chemli iliyokuwa ikining'inia jikoni kwa bibi. Nimeishika tu, hata bei sijauliza, mzee mwenye meza akaniambia, "Hiyo tangi linavuja." Kumbe na kikaratasi chake kimeandikwa hivyohivyo: dola 18, tangi linavuja. Nikaanza kusoma vikaratasi vya meza za jirani. Bakuli lina ufa chini. Saa haitembei. Kiti kimebadilishwa mguu mmoja.

Ndugu zangu, nilikumbuka redio niliyonunua Kariakoo, Dar es Salaam, kwa mshahara wangu wa kwanza. Dukani iliimba. Kabla sijafika Buguruni ikanyamaza, na niliporudi nayo nikaonyeshwa kwa kidole maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Hakuna aliyenionea huruma. Hata nyumbani niliambiwa kosa ni langu, kwa nini sikukagua vizuri! Hapo ndipo ninapochoka. Kwetu ubovu wa kitu ni siri ya muuzaji, na mnunuzi asipoigundua ndiye mjinga.

Najua mtakachosema. Huyu kapanda ndege juzi, leo anatutukana. Alipokuwa Buguruni alikuwa anavaa nini? Nilivaa mitumba, na dada yangu anauza mitumba soko la Karume mpaka leo, amesomesha watoto wawili kwa kazi hiyo. Simdharau mtu. Wala sisemi Wazungu ni malaika. Katika biashara hii ya vitu vya kale wapo wanaokipa kitu cha juzi umri wa babu yao.

Tena nisikilizeni vizuri, maana dada ndiye aliyenifungua macho nilipompigia jioni kumsimulia. Akaniuliza: "Na belo likija huku, nani ananiandikia tangi linavuja?" Nilikosa jibu. Yeye analipa fedha taslimu kwa belo lililofungwa, haruhusiwi kuchungulia. Akikata kamba anakuta shati lina doa la mafuta, suruali zipu imekufa, sweta limeliwa na nondo. Hasara ile ataibeba peke yake? Anaikunja doa likae ndani. Na belo hilo mara nyingi limefungwa kwenye nchi hizihizi ambako mzee wa chemli ananionyesha tundu kabla sijauliza. Akinitazama usoni ananiambia ukweli. Nguo ikishavuka bahari, ukweli hausafiri nayo. Hilo limeniuma kuliko redio.

Lakini bado sikubali kwamba ndiyo ruhusa. Mtu wa Karume anayeikunja nguo doa likae ndani hamlipizi aliyefunga belo. Anayeumia ni mama wa Mbagala aliyepanda daladala mbili kuja kumtafutia mwanawe shati la shule. Dada hakupenda niliposema hivyo. Alisema mimi nalipwa kila wiki mbili, ndiyo maana ukweli kwangu ni rahisi. Kuna haki katika maneno yake, ila yule mama naye ana haki yake, na bado hatujamaliza ubishi huo.

Na jambo moja najivunia. Nilimwuliza mzee nani anaweza kuziba tangi, akainua mabega, hamjui mtu. Kwetu fundi bati angelilehemu nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, kwa bei ya soda, kisha angemwaga mafuta ya taa ndani nione mwenyewe kama linatona.

Nilimwomba bei ya mwisho kama nilivyozoea, tukafika dola 12. Desemba chemli inakwenda Dar ndani ya sanduku langu. Kikaratasi sijakibandua.