Tembo Wangapi Katika Baa Moja?

Kenya ina Tusker, iliyopewa jina kwa kumbukumbu ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, aliyeuawa na tembo mwaka 1923. Tanzania ina Ndovu. Wakongo wana Tembo. Mnyama mmoja, bia tatu, na wanaishi kwa amani kwa sababu kila mmoja ana soko lake. Sasa chukua kiwanda kidogo Malindi, ambako tembo ni mnyama na pia ni pombe ya mnazi. Mwenye kiwanda atajiona kapata utani ambao hakuna aliyewahi kuufikiria. Jirani yake wa Watamu naye atajiona vivyo hivyo.

Majina hugongana namna hiyo bila wizi wowote. Kisima ni kimoja: Kusi, Kaskazi, Jahazi, Mgema, Gede, Vasco, hata Twiga, kwa ajili ya yule aliyepelekwa China mwaka 1415. Kiwanda kikubwa huchota mara moja kwa miaka mingi. Kidogo hubadilisha bia kila baada ya wiki chache, na kila bia inadai jina.

Wapo wanaosema tuachiane tu majina bila kusajili, na wana hesabu nzuri. Tangi la lita 500, ukiondoa mashapo ya hamira na hopsi na kinachomwagika wakati wa kujaza, hukupa kama chupa 1,400 za mililita 330. Bia ya aina ya ale huwa tayari kwa wiki mbili au tatu. Usajili wa alama ya biashara KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama hizo, una upekuzi, maombi katika daraja la 32 (bia), ukaguzi, tangazo kwenye jarida lao, kisha siku 60 za kungoja pingamizi peke yake. Kabla siku hizo hazijaisha, bia yenyewe imeshanyweka. Nani alipie wakili kwa jina la marehemu?

Lakini ingia baa. Mteja hasemi "nipe Kusi ya kiwanda fulani". Anasema "nipe Kusi", na mhudumu hutoa iliyo baridi. Ikiwa Kusi moja imeingiwa na hamira ya mwituni, sukari iliyobaki huendelea kuchacha ndani ya chupa, gesi hujaa, na bia hufoka ikifunguliwa. Hoteli itarudisha Kusi zote mbili, na asiyekosa atabeba hasara. Lebo nayo haisaidii sana: Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inataka maonyo ya afya yachukue si chini ya asilimia 30 ya eneo la kifungashio, kwa hiyo jina la kiwanda ndilo husukumwa pembeni likiandikwa kwa herufi za sisimizi.

Wengi hukosea kwenye upekuzi. Hutafuta tahajia ileile kwenye Instagram, wakikosa wanafurahi. Tafuta sauti (Kusi, Kuzi), tafuta maana (Tembo na Ndovu), na upekue daraja la 33 la divai na pombe kali, kwani kaunta ni moja. Neno "Malindi" peke yake haliandikishiki kirahisi, kwa kuwa sheria haipendi mtu mmoja amiliki jina la mahali. Hapo sheria imefanya vizuri.

Marekani, viwanda vya bia vya Avery na Russian River viligundua kila kimoja kina bia iitwayo Salvation. Vilizichanganya, na mwaka 2006 vikatoa bia moja ambayo jina lake lilimaanisha ushirikiano badala ya mashtaka. Inapendeza, ila kimoja kiko Colorado na kingine California. Wawili wanaouzia hoteli zilezile za Malindi wakichanganya bia zao, mhudumu bado ana Kusi mbili kwenye friji.

Mimi naegemea kwenye kanga. Methali ya kanga huchapwa na yeyote, lakini alama ya mfanyabiashara, "K.H.E. – Mali ya Abdulla", kwenye pindo ina mwenyewe. Sajili jina la nyumba, yaani la kiwanda, liwe kubwa kwenye lebo, na bia za msimu zipite chini yake. Bia ya kudumu, ile inayolipa umeme, ndiyo pekee inayostahili usajili wake, na kabla ya kuchapisha lebo, si baada ya lebo elfu kadhaa kufika stoo.

Mkigongana, piga simu kabla ya barua ya wakili. Ankara za mauzo zenye tarehe ndizo zitaonyesha aliyetangulia, maana hata asiyesajili anaweza kudai haki ya jina alilolitumia kwanza sokoni. Mwingine apewe muda wa kumaliza lebo, tuseme miezi mitatu, na iandikwe. Kegi, yaani mapipa ya bia ya bomba, zishughulikiwe siku hiyohiyo: kwenye bomba hakuna lebo, kuna kipini tu, na jina la nyumba ndilo linalopaswa kusomeka kwanza hapo.